Mtambo wa Pili

Swali la kuwa na kitu kimoja au viwili vya namna moja ni la kale, na jibu lake hubadilika kwa kadiri ya kitu chenyewe. Mwenye mashua mbili huhesabiwa kuwa tajiri. Mwenye kuvaa saa mbili katika mkono mmoja huchekwa. Seremala mwenye randa tatu haulizwi neno, kwa sababu kila ajuaye kazi ya mbao anajua ya kuwa randa ndefu haifanyi kazi ya randa fupi. Lakini viko vitu ambavyo hukumu yake si nyepesi, na kimojawapo ni mtambo wa kushindilia risasi. Chombo hiki hukaa katika nyumba nyingi za Marekani, juu ya meza nzito iliyowekwa katika banda la gari au katika chumba cha chini ya ardhi, na wenyewe hubishana juu ya idadi yake kama wafugaji wabishanavyo juu ya idadi ya ng'ombe.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hii haijulikani sana, walakini maneno yake yamo katika Kiswahili tangu zamani za magobori. Mwenye gobori alimimina baruti katika mtutu, akashindilia kwa ufito wa chuma, akatia risasi, kisha akaweka fataki mahali palipopigwa na nyundo ya bunduki. Kila mlio ulikuwa na mshindilio wake. Bunduki za siku hizi zimekusanya vitu hivyo pamoja katika chombo kimoja kidogo: ganda la shaba nyeupe, fataki katika kitako cha ganda, baruti tumboni mwake, na kichwa cha risasi mdomoni. Risasi ikisha kulia, fataki imekufa, baruti imeungua, na kichwa kimekwenda zake. Ganda peke yake hubaki, na ganda ndilo aghalabu lenye gharama kuliko vyote. Mtu akiliokota, akalirudishia umbo lake, akalitia fataki, baruti na kichwa kipya, anayo risasi nyingine kamili. Kazi hiyo itaitwa hapa kushindilia, na mwenye kuifanya ataitwa mshindiliaji.

Kushindilia kumestawi Marekani, na sababu moja ya kustawi kwake ni ndogo kama tundu la sindano. Mwaka wa 1866 watu wawili walitoa, kila mmoja kwa upande wake, namna mpya ya fataki. Hiram Berdan alikuwa Mmarekani. Edward Boxer alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza. Katika ganda la Berdan moto wa fataki huingia kwa matundu mawili madogo yaliyo kando. Katika ganda la Boxer huingia kwa tundu moja lililo katikati. Kwa ajabu ya mambo ya dunia, Ulaya ilifuata zaidi namna ya Mmarekani, na Marekani ikafuata namna ya Mwingereza. Kwa hiyo, fataki iliyokufa katika ganda la Marekani husukumwa nje kwa sindano moja ya chuma ipitayo katikati, bila ya taabu wala werevu mkubwa. Lile ganda jingine hukataa sindano hiyo. Watu wa taifa moja waliokota maganda yao wakayatumia tena; wengi wa mataifa mengine waliyaacha chini.

Wawindaji wa nyati wa Marekani katika miaka ya 1870 walishindilia risasi zao kambini, siku nyingi mbali na duka lolote. Mwaka wa 1884 John Barlow alianzisha kiwanda chake cha Ideal katika mji wa New Haven, Connecticut, akatengeneza chombo mfano wa koleo ambacho mtu aliweza kukitia katika mfuko wa tandiko la farasi. Koleo hilo lilifanya kazi vizuri, ila lilikuwa na ila moja: kila koleo lilitengenezwa kwa risasi ya kipimo kimoja. Mwenye bunduki mbili za vipimo viwili alihitaji makoleo mawili. Kwa hiyo anayedhani kuwa swali la chombo cha pili limeletwa na anasa za siku hizi amekosea. Liliwako tangu hapo, na halikuwa swali la anasa. Lilikuwa la lazima.

Mtambo wa mezani ndio uliowafungua watu katika lazima hiyo. Mwili wake ni chuma kizito chenye umbo la herufi O au C. Juu pana tundu moja lenye hesi, na ndani ya tundu hilo kalibu hufungwa. Chini pana nguzo ipandayo na kushuka kwa nguvu ya mkono wa mtambo, ikilibeba ganda na kuliingiza katika kalibu. Kwa muda wa miaka, watengenezaji wengi walikubaliana juu ya hesi ya namna moja, upana wa 7/8 ya inchi na mizunguko 14 katika kila inchi. Makubaliano hayo hayasifiwi kwa kadiri yanavyostahili. Kwa sababu yake, kalibu iliyonunuliwa kwa mtengenezaji mmoja huingia katika mtambo wa mtengenezaji mwingine, na kalibu ya babu huingia katika mtambo wa mjukuu. Mtambo mmoja umekuwa mtumishi wa bunduki kumi.

Vita ya Pili ya Dunia ilipoleta uhaba wa vichwa vya risasi, Fred Huntington wa Oroville, California, alitengeneza mwaka wa 1943 kalibu za kugeuza maganda yaliyokwisha kulia ya risasi ndogo za .22 kuwa magamba ya vichwa vipya. Jina la kazi yake, RCBS, limetokana na mnyama wa miambani wa magharibi ya Marekani afananaye na pimbi, ambaye wawindaji walimtafuta kwa vichwa hivyo. Baadaye mitambo yake ya chuma, yenye rangi ya kijani kibichi, ilienea katika meza nyingi. Mwaka wa 1958 Richard Lee wa Wisconsin alitoa kifaa kidogo cha kushindilia risasi za bunduki za marisau, na baada yake kikaja cha bunduki za kawaida. Hicho hakikutaka hata mtambo. Kilitaka nyundo na uvumilivu. Kwa hesabu ya fedha, mtu aliweza kuingia katika kazi hii kwa bei ya jozi ya viatu.

Kazi katika mtambo wa tundu moja huenda hivi. Mshindiliaji huchukua maganda, tuseme 50, akayapitisha yote katika kalibu ya kwanza, moja baada ya moja, ili kutoa fataki zilizokufa na kuyarudishia umbo. Maganda ya bunduki, ambayo shingo yake ni nyembamba kuliko mwili, hupakwa mafuta kwanza, kwani yasipopakwa hunasa katika kalibu, na kuyanasua ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Maganda ya bastola huweza kuepuka mafuta, ikiwa kalibu ina pete ya madini magumu. Kisha fataki mpya hutiwa, 50 zote. Kisha maganda husimamishwa katika ubao wenye matundu, na baruti hutiwa katika kila moja kwa kipimo. Kipimo hicho huhesabiwa kwa punje, na punje 7,000 ni ratli moja. Mwenye kutafuta usahihi mkubwa hupima hata sehemu ya kumi ya punje. Halafu mshindiliaji huchukua taa, akainama juu ya ubao, na kutazama ndani ya maganda yote 50 kwa pamoja. Baruti iliyozidi au iliyopunguka katika ganda moja huonekana kama jino lililotoka nje ya safu. Ndipo vichwa vitiwe. Kila ganda limepita mikononi mwake mara nne au tano, na saa moja imekwisha kwa risasi zipatazo 50.

Mtambo wa mfululizo haufanyi hivyo. Badala ya tundu moja unayo manne, matano au zaidi, na badala ya kishikio kimoja unayo sahani izungukayo. Mkono ukishushwa mara moja, ganda moja hutolewa fataki, la pili hutiwa baruti, la tatu hutiwa kichwa, la nne hubanwa mdomo. Sahani ikizunguka, kila ganda huhamia katika nafasi ya mwenziwe. Sahani ikisha kujaa, kila mshuko wa mkono huzaa risasi moja kamili. Kwa saa moja huweza kupatikana risasi kati ya 400 na 600. Mitambo ya jinsi hii ilikuwako kabla ya Vita ya Pili, lakini ilikuwa ya watu wachache. Mwaka wa 1976 chama cha kimataifa cha mashindano ya bastola, IPSC, kilianzishwa katika mji wa Columbia, Missouri, na mchezo wake ulitaka mazoezi mengi. Mpenzi wake aliweza kumaliza risasi mamia kwa juma moja. Saa moja kwa risasi 50 haikumfaa tena. Katika miaka iliyofuata Mike Dillon wa Arizona aliwauzia watu hao mitambo ya mfululizo ambayo mfanyakazi wa mshahara wa kawaida aliweza kuinunua, na hapo swali la mtambo wa pili likarudi mezani.

Sababu ya kurudi kwake ilikuwa ile ile ya koleo la Barlow. Mtambo wa mfululizo hupenda risasi ya kipimo kimoja. Kuugeuza kutoka kipimo kimoja hadi kingine ni kubadili sahani, kalibu zote, wakati mwingine njia ya fataki, na kupima baruti upya. Mwenye vipimo viwili huona uchovu wa kufungua na kufunga, akasema moyoni: afadhali mtambo mmoja kwa kila kipimo, uwe tayari siku zote. Kwa hesabu hiyo, mwenye vipimo sita ataihitaji mitambo sita, na wako waliofika huko.

Wahenga wamesema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Wamesema pia kuwa akiba haiozi. Mwenye kutaka mtambo mmoja hushika methali ya kwanza, na mwenye kutaka miwili hushika ya pili, na kila mmoja huondoka akiwa ameshinda. Methali haziwezi kuamua jambo hili, maana wote wawili huzungumza juu ya mali, na jambo lenyewe si la mali.

Wala si la wakati, japokuwa wakati ndio utajwao kwanza. Mshindiliaji husema kuwa mtambo wa pili utamwokolea saa kadha wa kadha. Huenda ikawa kweli. Lakini aghalabu mtu hushindilia jioni, baada ya kazi ya mshahara, kwa kuwa anapenda kushindilia. Na kuokoa wakati katika jambo upendalo ni hesabu isiyo na kichwa. Wengine husema wanaokoa fedha. Wenyewe hukiri kwa kicheko kwamba risasi ikipungua bei mtu hupiga nyingi zaidi, na mwisho wa mwaka mfuko umebaki pale pale ulipokuwa. Wala mtambo wa pili hauwezi kugeuzwa duka kwa urahisi: sheria ya Marekani ya mwaka 1968 humwacha mtu ashindilie risasi zake mwenyewe bila ya leseni, lakini mwenye kutengeneza za kuuza hutakiwa awe nayo. Na katika miaka ya uhaba, tangu 2020 hata 2022, fataki zilipokosekana madukani na bei yake ikapanda mara kadhaa, wenye mitambo mitano walikaa bure sawasawa na mwenye mmoja. Mtambo hauzai fataki.

Jambo lenyewe ni macho. Mitambo miwili ya risasi ina macho mawili tu ya kuitazama, nayo ni yale yale yaliyokuwa yakitazama mmoja.

Ni lazima kusema wazi kinachoweza kutokea, kwani mtu asiyekijua ataona ubishi huu kuwa mchezo. Ganda la .38 Special lilitolewa na Smith & Wesson katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati wa baruti nyeusi, ambayo hutaka nafasi kubwa. Baruti za siku hizi, zisizo na moshi, hutiwa kidogo mno. Hukaa chini kabisa ya ganda hilo kama chumvi katika kikombe. Kipimo kikitiwa mara mbili kwa kusahau, hakimwagiki, wala ganda halikatai. Kichwa hukaa mahali pake, mdomo hubanwa, na risasi hiyo hufanana na wenzake katika sanduku kwa kila hali. Bastola ndiyo itakayoijua. Chumba chake huweza kupasuka mkononi mwa mtu, karibu na uso wake, au karibu na uso wa aliyesimama kando. Kinyume cha ajali hiyo ni ganda lisilotiwa baruti kabisa. Nguvu ya fataki peke yake hukisukuma kichwa ndani ya mtutu, kikakwama humo. Mlio ni hafifu, na mshindani mwenye haraka huvuta tena. Risasi ya pili hukuta njia imezibwa.

Katika mtambo wa tundu moja, ubao na taa huyazuia mambo haya. Katika mtambo wa mfululizo ubao haupo. Ganda huonekana kwa nukta moja, baada ya baruti na kabla ya kichwa, na jicho lisipokuwapo katika nukta hiyo halitaliona tena. Mtambo wa Dillon wa 550, uliotoka katika miaka ya 1980, huzungushwa sahani yake kwa kidole cha mtu. Mingine hujizungusha yenyewe. Uko ubishi mrefu juu ya lipi ni salama. Wa upande mmoja husema kidole husahau. Wa upande wa pili husema mtambo ujizungushao humfundisha mtu kutotazama. Wote wana haki, na kwa sababu hiyo ubishi wao haufiki mbali. Mtambo wa kidole humponza mtu aliyeitwa na mkewe katikati ya mshuko, akarudi asijue kama amezungusha au bado. Mtambo ujizungushao humponza yule ambaye kitu kimekwama katika mtambo wake, akaurudisha nyuma nusu ya mwendo ili akikwamue. Dawa ya wote wawili ni moja, na ni ya kuudhi: kila ganda lililokuwa juu ya sahani litolewe, na baruti yake imwagwe.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko hizo, na ndiyo iliyo karibu zaidi na swali la idadi. Baruti zisizo na moshi ni za namna nyingi. Ziko ziunguazo upesi, kwa bastola na bunduki za marisau. Ziko ziunguazo polepole, kwa bunduki kubwa. Kwa macho hufanana sana: vigamba vya kijivu, vijiti vyeusi, au chembe za mviringo. Hakuna awezaye kuzitambua kwa hakika kwa kuzitazama, hata kama amefanya kazi hii miaka 40. Ganda la bunduki lililojazwa baruti ya bastola huivunja bunduki. Kwa hiyo washindiliaji wenye hekima hushika kanuni moja kuliko zote: juu ya meza pawe na baruti moja tu, katika mkebe wake wenye jina, na mikebe mingine ikae kabatini.

Sasa mfikirie mtu mwenye mitambo miwili ya mfululizo, mmoja wa bastola na mmoja wa bunduki, yote miwili ikiwa tayari siku zote, kama alivyotamani. Utayari maana yake nini? Maana yake ni kwamba kila mtambo una chupa yake ya baruti juu, imejaa. Chupa hizo hufanana, zimefungwa hatua mbili tu kutoka moja hadi ya pili, na baruti ya kila moja imetengwa na mkebe uliokuwa na jina lake. Kazi hukatizwa, mgeni huja, majuma mawili hupita. Mtu hurudi na kuikuta chupa imefika nusu. Anakumbuka, au anadhani anakumbuka. Mwenye adabu ya kazi hahangaiki na kumbukumbu: huimimina baruti yote nje na kuitawanya bustanini, ambako huyafaa majani kama mbolea. Lakini baruti ni ghali, na mkono wa mtu huwa mzito kumwaga kitu cha ghali kwa sababu ya shaka ndogo. Hata chupa yenyewe hutoa ushahidi juu ya uvivu huo. Baruti zenye nitrogliserini, zikiachwa muda mrefu, hula plastiki yake na kuitia rangi ya hudhurungi. Iko mitambo mingi yenye chupa za rangi hiyo.

Kwa hoja hii ingeonekana kuwa jibu ni mtambo mmoja, na kwamba mtambo wa pili ni mtego. Lakini sivyo. Hoja hii inakataza baruti mbili. Haikatazi mitambo miwili. Mwenye kuchanganya mambo hayo mawili atajinyima chombo kizuri bila ya kujiongezea usalama, maana mwenye mtambo mmoja naye aweza kuacha mikebe mitatu imezagaa juu ya meza.

Mtambo wa pili wenye haki ya kununuliwa ni ule usiofanana na wa kwanza. Mwenye kuwinda kulungu milimani kwa bunduki, na kushindana kwa bastola mjini, anazo kazi mbili zisizo ndugu. Risasi za uwindaji ni chache. 50 huenda zikamtosha mwaka mzima. Kila ganda hupimwa urefu, likazidi hukatwa. Kila kipimo cha baruti hupitishwa katika mizani. Kazi hiyo hutaka mkono wa polepole, na mtambo wa tundu moja, kwa uzito na ugumu wake, humpa mtu nguvu ya kurudisha umbo la ganda nene bila ya kutetereka. Risasi za mashindano ni maelfu, na hazitaki usahihi wa sehemu ya kumi ya punje. Hutaka zilingane, zilie, na ziwe salama. Kuzishindilia hizo moja moja ni kujichosha, na mtu aliyechoka ndiye akosaye. Huu ndio upande wa mambo ambao wapenzi wa mtambo mmoja wa kale hawapendi kuukubali: polepole nako kuna hatari zake. Saa ya nne ya kazi ya kurudia-rudia hulilaza jicho hata mbele ya ubao na taa. Risasi 400 kwa saa moja ya jicho lililo macho ni salama kuliko risasi 400 kwa saa nane za jicho linalosinzia.

Iko pia haja ndogo ambayo haisemwi sana. Maganda yaliyookotwa uwanjani huja na mchanga na masizi, na fataki zilizokufa zina vumbi lenye risasi, yaani ile madini yenyewe, isiyofaa kuvutwa puani wala kuliwa na mkate. Mtambo mdogo wa bei nafuu, uliofungwa mwisho wa meza kwa ajili ya kutoa fataki tu, huuacha ule mzuri katika usafi wake. Huo hauna chupa ya baruti, na kwa hiyo hauleti shaka yoyote. Mtu anaweza kuwa nao hata kama hana haki ya kuwa na mwingine.

Mtambo wa tatu na wa nne, mfano wa wa pili, iliyonunuliwa kwa kuchoka kubadili sahani, ni habari nyingine. Nusu saa ile ya kubadili inayolalamikiwa ina faida yake. Ndani yake chupa humwagwa, mkebe hurudishwa kabatini, mkebe mwingine huletwa na jina lake husomwa, kipimo hujaribiwa katika mizani mara kadhaa kabla ya risasi ya kwanza. Kuondoa nusu saa hiyo ni kuondoa lango, na mwenye kuondoa lango kwa sababu linamchelewesha kuingia hana budi akumbuke lilikuwa likizuia nini. Wako wenye mitambo sita waliojiwekea lango jingine: chupa zote huwa tupu isipokuwa ile ya kazi ya leo, na karatasi yenye jina la baruti hubandikwa juu yake. Hao hawana lawama. Wamenunua chuma kingi, wakabaki na adabu ya mtu mwenye mtambo mmoja.

Jambo moja hutendwa na wengi kwa haraka, nalo ni kuuza mtambo wa tundu moja siku ule wa mfululizo unapofika. Huonekana wa kale, unajaza nafasi, na fedha yake ingenunua fataki. Baada ya miezi, muuzaji huutafuta mwingine. Hugundua kuwa mtoto wake anataka kujifunza, na kwamba mtambo ufanyao mambo matano kwa pamoja haumfundishi mtu hata moja. Au hugundua jambo lisilopendeza zaidi. Katika sanduku la risasi 100 zilizotoka katika mtambo wa mfululizo, ana shaka na moja, wala hajui ni ipi. Kuzipima kwa mizani hakusaidii sana, kwa kuwa maganda na vichwa hutofautiana uzito, na tofauti hiyo huweza kuifunika ile ya baruti kidogo. Zote 100 hazina budi kufunguliwa. Mtambo wa mfululizo haukutengenezwa kurudi nyuma. Katika mtambo wa tundu moja hufungwa kishikio kidogo chenye meno badala ya kalibu. Risasi hupandishwa, kichwa hushikwa, ganda hushushwa, na baruti humiminwa katika sahani ya mizani na kusomwa. Kisha ya pili. Risasi 100 huchukua sehemu kubwa ya usiku.